Bosi ameondoka na kampuni inajipanga upya: jinsi ya kusoma tangazo kabla hujagusa hisa zako

Tarehe 14 Agosti 2001, Jeffrey Skilling alijiuzulu kama mtendaji mkuu wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, baada ya kukikalia kiti hicho kwa miezi sita tu. Alisema ni kwa sababu binafsi. Tarehe 2 Desemba mwaka huohuo, kampuni ikaomba kinga ya ufilisi mahakamani.

Tarehe 1 Oktoba 2018, bodi ya General Electric ilimwondoa John Flannery baada ya miezi 14 kazini na kumweka Larry Culp. Papo hapo kampuni ikakiri kwamba haitafikia malengo yake ya mwaka, na kwamba itapunguza vitabuni thamani ya kitengo chake cha mitambo ya umeme kwa kiasi kinachoweza kukaribia dola bilioni 23. Hisa zikapanda kwa takriban asilimia 7 siku hiyo.

Mmoja aliaga kwa upole na kampuni ikafa. Mwingine alitimuliwa huku habari mbaya zikimwagwa mezani, na soko likashangilia. Anayeishia kwenye kichwa cha habari atakosea mara zote mbili.

Kampuni inapojipanga upya, iwe ni kuuza vitengo, kupunguza wafanyakazi, kujadili upya madeni au kugeuza biashara yenyewe, watu wa juu lazima waondoke, na wengi wao huondoka kwa sababu za kawaida kabisa. Kazi yako ni kutenganisha makundi matatu: anayeondolewa kwa kuwa mpango mpya haumhitaji mtu wa zamani, anayeondoka kwa kuwa amepata pazuri zaidi, na anayeondoka kwa kuwa ameona kitu ambacho wewe hujaonyeshwa. Shida ni kwamba barua za kuaga za wote watatu huandikwa kwa maneno yaleyale. Ndiyo maana mimi sababu iliyoandikwa huisoma mwisho. Ninaanza na kiti, tarehe, mrithi na malipo.

Hatua ya 1: Tafuta hati yenyewe, achana na habari iliyotokana nayo

Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa haiwezi kumbadilisha kiongozi kimyakimya. Marekani, inatakiwa kuwasilisha fomu 8-K, yaani taarifa rasmi ya tukio kubwa, ndani ya siku nne za kazi, na mabadiliko ya viongozi hukaa kwenye kipengele cha 5.02. Uingereza, tangazo linatakiwa kutoka kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata uamuzi. Hati hizi zinasomeka bure mtandaoni.

Kuna tofauti kubwa kati ya hati hiyo na taarifa kwa vyombo vya habari. Taarifa imeandikwa ili ikutulize. Hati imeandikwa na wanasheria wanaoogopa kushtakiwa, kwa hiyo kila neno lina kazi. Humo ndimo utakuta tarehe kamili ya uamuzi, kama mtu alijiuzulu au aliachishwa, atalipwa nini, na kama atabaki kuwa mshauri. Tena kwa Marekani kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mjumbe wa bodi akijiuzulu kwa sababu ya kutokubaliana na kampuni juu ya uendeshaji au sera zake, kampuni inatakiwa ieleze mgongano huo, na kama ameandika barua kuhusu hilo, barua iambatanishwe. Ukikuta barua ya namna hiyo, acha kazi nyingine zote uisome.

Hatua ya 2: Tazama kiti kabla ya jina

Wanahabari hukimbilia mtendaji mkuu kwa sababu ndiye mwenye sura inayojulikana. Lakini katika kampuni iliyo kwenye marekebisho, mtendaji mkuu kuondoka ni jambo linalotarajiwa. Yeye ndiye mwenye mpango ulioshindwa. Bodi inamtoa ili ipate nafasi ya kusema ukweli kuhusu hali ilivyo bila mtu wa kujitetea chumbani. Hayo ndiyo yaliyotokea General Electric.

Kiti ninachokiogopa mimi ni cha mkuu wa fedha. Huyu ndiye anayejua fedha taslimu zilizobaki zitatosha miezi mingapi. Ndiye anayekaa na benki kujadili masharti ya mkopo, na ndiye anayetia saini kuthibitisha hesabu. Marekani, tangu sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002, mtendaji mkuu na mkuu wa fedha huthibitisha hesabu kwa majina yao wenyewe, na kuthibitisha uongo kwa makusudi ni jinai. Mtu aliyewekwa mahali hapo akiamua kwamba hataki tena kutia saini, hahitaji kusema lolote zaidi.

Chini yake kuna viti ambavyo havipewi hata mstari mmoja gazetini: mhasibu mkuu, mweka hazina, mkaguzi wa ndani, mwanasheria mkuu wa kampuni. Mweka hazina akiondoka wiki chache kabla ya deni kubwa kuiva, mimi hulichukulia hilo kwa uzito kuliko kuondoka kwa mkuu wa masoko aliyekuwa na picha kwenye kila bango. Weka pia jicho kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi kwenye bodi. Na mkaguzi wa nje wa hesabu, ingawa si mtendaji wa kampuni, akijitoa mwenyewe badala ya kumaliza muda wake, mhesabu pamoja na hao.

Wapo pia wasiohitaji kukukosesha usingizi. Mkuu wa kitengo kilichouzwa anaondoka na kitengo chake. Mkuu wa eneo ambalo limeunganishwa na eneo jingine amekosa kiti. Mwanzilishi aliyepandishwa cheo kuwa mwenyekiti yuko njiani kutoka, hata kama tangazo linasema anaendelea kuongoza kwa maono. Peloton, kampuni ya baiskeli za mazoezi, ilipotangaza Februari 2022 kwamba inapunguza takriban wafanyakazi 2,800, John Foley, mmoja wa waanzilishi, alihamishwa kutoka mtendaji mkuu hadi mwenyekiti. Septemba mwaka huohuo alikuwa ameshaondoka kabisa.

Hatua ya 3: Weka tarehe kwenye mstari mmoja

Hii ndiyo hatua ninayoitumia muda mwingi kuliko zote, na haihitaji chochote zaidi ya karatasi. Chora mstari. Juu yake weka tarehe za kampuni: matokeo ya robo mwaka, hesabu za mwaka, siku ya kutangaza mpango wa marekebisho, siku ambazo mikopo inaiva, siku ambazo masharti ya mkopo hupimwa. Chini yake weka tarehe za watu: nani ametangaza kuondoka, lini anaondoka kweli, nani ameuza hisa.

Chukua Carillion, kampuni ya ujenzi na huduma ya Uingereza. Mkuu wake wa fedha wa muda mrefu, Richard Adam, alistaafu mwisho wa mwaka 2016. Kustaafu ni kustaafu, nani angeshtuka? Machi 2017 kampuni ikachapisha ripoti nzuri ya mwaka, na gawio likapanda. Adam, akiwa sasa mtu wa nje, akauza hisa zake mwezi huo na nyingine Mei, zote pamoja kwa takriban pauni 776,000. Tarehe 10 Julai kampuni ikatangaza kwamba mikataba yake ina hasara ya pauni milioni 845, mtendaji mkuu Richard Howson akaachia kiti, na hisa zikaporomoka kwa asilimia 39 ndani ya siku moja. Septemba, mkuu mpya wa fedha aliyekuwa amerithi kiti mwezi Januari naye akaondolewa. Tarehe 15 Januari 2018, kampuni ikaingia kwenye ufilisi wa lazima.

Ukiyatazama matukio hayo moja moja, kila moja lina maelezo yake. Ukiyaweka kwenye mstari mmoja, kiti cha fedha kimebadilisha wakaliaji wawili ndani ya miezi tisa, na pengo kati ya ripoti nzuri na kukiri hasara ni kama miezi minne. Mwekezaji wa Machi hakuwa na njia ya kujua yote haya. Mwekezaji wa Septemba alikuwa na njia ya kujua sehemu kubwa, isipokuwa mauzo ya Adam, na bado alikuwa na miezi minne ya kuondoka.

Pengo ninalolitafuta kwanza ni kati ya siku ya kuondoka na siku ya matokeo. Mtu anayeondoka wiki moja baada ya hesabu kuthibitishwa amemaliza kazi yake. Mtu anayeondoka wiki mbili kabla, na mara moja, bila kipindi cha kukabidhi, ameacha kazi katikati au amezuiwa kuimaliza. Steinhoff, kampuni ya samani na maduka yenye asili ya Afrika Kusini, ni mfano mzito wa hilo. Mtendaji mkuu wake, Markus Jooste, alijiuzulu tarehe 5 Desemba 2017, na tangazo hilohilo likasema kuna kasoro za kihesabu zinazochunguzwa na kwamba hesabu za mwaka hazitatoka kwa wakati. Kesho yake hisa zilishuka kwa zaidi ya asilimia 60. Uchunguzi wa kampuni ya ukaguzi ya PwC uliotangazwa Machi 2019 ulikuta miamala ya kubuni au isiyo ya kawaida ya euro bilioni 6.5.

Ndiyo maana kuondoka ghafla pamoja na kuchelewa kwa hesabu ni jozi moja tu ambayo mimi siijadili. Mengine yote yanahitaji mizani.

Hatua ya 4: Sasa soma maneno, lakini kwa darubini

Lugha ya kuaga ni lugha ya funika kombe mwanaharamu apite. Pande zote mbili zimetia saini makubaliano ya kutosemana vibaya, kwa hiyo usitegemee ukweli mtupu. Tegemea kilichoachwa.

"Amestaafu" ni neno la kawaida kwa mtu wa miaka 64 ambaye mrithi wake anajulikana tangu mwaka jana. Kwa mtu wa miaka 51 asiye na mrithi, neno hilohilo lina maana nyingine. "Kufuatilia fursa nyingine" bila kutaja fursa yenyewe mara nyingi ni kuachishwa kwa adabu. Anayehamia kampuni nyingine kweli hutangazwa na kampuni hiyo, wakati mwingine siku hiyohiyo. "Kwa makubaliano ya pande zote" maana yake kulikuwa na mazungumzo, na wanasheria walikuwapo.

Kuna sentensi moja ninayoitafuta kila mara: ile inayosema kwamba kuondoka hakutokani na kutokubaliana kokote kuhusu hesabu, sera au uendeshaji wa kampuni. Kuwepo kwake si uthibitisho wa usalama, kwa sababu imekuwa kama dua ya kufungia kikao. Lakini kampuni ikiwa huiweka kila mara, na safari hii haipo, jiulize ni nani aliyekataa iandikwe.

Hesabu pia shukrani. Najua inasikika kama mchezo wa watoto. Lakini bodi iliyomsifu mkuu wa kitengo kwa aya nzima mwaka jana, kisha mwaka huu ikamuaga mkuu wa fedha kwa mstari mmoja, imesema jambo.

Hatua ya 5: Nani anaingia, na lini

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Soko linaamini methali hii kupita kiasi, na ndiyo maana hisa hupanda bosi mpya mwenye jina anapotajwa. Tarehe 13 Agosti 2024, Starbucks ilimwondoa Laxman Narasimhan na siku hiyohiyo ikamtaja Brian Niccol kutoka Chipotle, kampuni ya migahawa. Hisa za Starbucks zilipanda kwa zaidi ya asilimia 24 kwa siku moja, na za Chipotle zikashuka kwa zaidi ya asilimia 7. Kahawa haikubadilika ladha asubuhi ile. Wawekezaji walilipia matumaini, na walilipia kitu kingine chenye thamani zaidi: bodi ilikuwa imejipanga. Ilimtoa mmoja ikiwa tayari imempata mwingine.

Linganisha na Intel. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kupunguza zaidi ya asilimia 15 ya wafanyakazi na kusitisha gawio. Mwezi huohuo Lip-Bu Tan, mjumbe wa bodi anayeijua biashara ya vipande vya kielektroniki kuliko karibu wote mezani, alijiuzulu. Maelezo rasmi yakawa majukumu mengine, huku habari zikidokeza kwamba hakuridhishwa na mwenendo wa mageuzi. Mwanzoni mwa Desemba ikatangazwa kwamba mtendaji mkuu Pat Gelsinger amestaafu, na kiti kikaachwa kwa makaimu wawili. Hisa zilipanda soko lilipofunguliwa, kisha hadi kengele ya kufunga zikawa zimerudi zilikotoka. Soko lilifurahia kuondoka, halafu likauliza, sasa nani? Jibu lilikuja Machi 2025: Lip-Bu Tan yuleyule. Hisa zikaruka kwa karibu asilimia 15 kesho yake. Aliyekuwa amesoma kuondoka kwake kwenye bodi kama habari ya mstari mmoja alikuwa ameukosa ufunguo wa hadithi nzima.

Kwa hiyo uliza haya. Mrithi ametajwa siku hiyohiyo? Ni wa kudumu au kaimu? Kaimu aliyetoka bodini kwa kawaida ni ishara kwamba bodi imeshtukizwa au imepoteza subira. Kaimu anayeshika pia kiti cha fedha ni mzigo mara mbili kwa mtu mmoja, tena wakati mbaya.

Tazama pia anatoka wapi. Mtu wa ndani huashiria kwamba mpango unaendelea. Wa nje huashiria kwamba mpango utaandikwa upya, na hapa kuna jambo la kuvumilia: bosi mpya wa nje karibu siku zote husafisha nyumba katika robo zake za kwanza. Hufuta thamani ya mali, hukata gawio, hushusha malengo, kwa sababu lawama zote bado zinamwendea aliyetangulia. Culp alifanya hivyo. Ndani ya mwezi mmoja tu tangu aingie, gawio la General Electric lilishushwa kutoka senti 12 hadi senti 1 kwa robo, na waliokuwa wamenunua ile siku ya furaha wakaona bei ikishuka hadi Desemba. Waliosubiri walikuja kuona kampuni ikigawanywa kuwa kampuni tatu, kazi iliyokamilika Aprili 2024, na hesabu zao zikawa tofauti kabisa.

Na akija mtu mwenye cheo cha mkuu wa marekebisho, soma tena nani aliyemtaka. Mara nyingi cheo hicho huzaliwa kwenye meza ya wakopeshaji, ambao wanakubali kuongeza muda wa deni kwa sharti kwamba mtu wao awe ndani akihesabu fedha. Kwa mwenye hati fungani, yaani aliyeikopesha kampuni kupitia soko, hiyo inaweza kuwa habari njema. Kwa mwenye hisa, ambaye hulipwa wa mwisho, maana yake ni kwamba wenye nyumba wapya wameanza kupima mapazia.

Hatua ya 6: Fuata malipo

Mikataba ya watendaji hutofautisha kuachishwa kwa kosa, kuachishwa bila kosa, na kujiuzulu kwa hiari. Anayejiuzulu kwa hiari kwa kawaida hupoteza hisa ambazo hazijaiva, yaani alizoahidiwa lakini bado hazijawa zake. Sasa, mtu akijiuzulu na kuacha mezani hisa za mamilioni ambazo zingekuwa zake baada ya miezi mitatu, kuna mawili: ama mwajiri mpya amemfidia, na hilo utaliona likitangazwa, au yeye mwenyewe anaona hisa hizo hazitakuwa na thamani hapo zitakapoiva. Huyo ndiye mchambuzi aliye karibu zaidi na hesabu kuliko yeyote utakayemsikia.

Kinyume chake, anayetajwa kuwa amejiuzulu lakini analipwa kiinua mgongo kamili kama aliyeachishwa bila kosa, ameachishwa. Malipo hayasemi uongo kirahisi kama maneno.

Kisha kuna bonasi za kubakiza watu. Tangu sheria ya ufilisi ya Marekani ilipobadilishwa mwaka 2005, ni vigumu kuwalipa wakubwa bonasi ya kubaki baada ya kampuni kuingia mahakamani. Matokeo yake ni kwamba kampuni nyingi hulipa kabla ya kuingia. Mei 2020, Hertz, kampuni ya kukodisha magari, ilimbadilisha mtendaji mkuu na kuidhinisha bonasi za takriban dola milioni 16 kwa viongozi na mameneja wake, siku chache kabla ya kuomba kinga ya ufilisi tarehe 22. Ukiona kampuni yenye madeni makubwa inalipa bonasi za kubaki kwa fedha taslimu, mkupuo mmoja, mapema kuliko kawaida yake, usisome kwamba watu wanapendwa.

Kuhusu mauzo ya hisa za watendaji, kumbuka pengo moja la taarifa. Marekani, mtendaji huripoti mauzo yake ndani ya siku mbili za kazi. Akishaondoka, wajibu huo mara nyingi huisha. Ukimya baada ya kuondoka hauna maana yoyote, si nzuri wala mbaya.

Hatua ya 7: Hesabu, kisha tazama wanakokwenda

Mmoja ni tukio. Watatu ndani ya miezi sita, kutoka idara moja, ni mwelekeo. Nafsi yangu hutulia zaidi wakiondoka watano kutoka idara tano baada ya mpango kutangazwa kuliko wakiondoka wawili kutoka fedha kabla mpango haujatangazwa.

J.C. Penney, kampuni ya maduka ya Marekani, ilikuwa katikati ya jitihada za kujinusuru Mei 2018 mtendaji mkuu wake, Marvin Ellison, alipotangazwa kwenda kuongoza Lowe's, maduka ya vifaa vya nyumba. Hilo ni kundi la pili kabisa: mtu amepata kampuni kubwa na yenye afya zaidi, nani angekataa? Lakini bodi haikuwa na mrithi tayari. Miezi michache baadaye mkuu wa fedha naye akaondoka. Mtendaji mkuu mpya alikuja Oktoba, na kampuni ikaomba kinga ya ufilisi Mei 2020. Hata kuondoka kwenye sababu safi kunaweza kukuambia kitu, si kuhusu siri, bali kuhusu jinsi mtu wa ndani alivyopima nafasi ya kampuni kupona dhidi ya nafasi yake mwenyewe kwingine.

Hatua ya 8: Bei ya siku ya kwanza isikuendeshe, sikiliza wakopeshaji

Bei ya hisa siku ya tangazo ni kelele za watu waliosoma kichwa cha habari. Hati fungani huwa na wasomaji watulivu zaidi, kwa sababu wao hawaulizi kampuni itakua kiasi gani, wanauliza tu kama watalipwa. Hisa zikipanda kwa furaha ya bosi mpya huku hati fungani ya kampuni hiyohiyo ikishuka, mimi huwaamini wa hati fungani. Ikishuka hadi, tuseme, senti 60 kwa kila dola ya deni, wakopeshaji wanasema hawatarajii kurudishiwa chote, na kama wao hawatarudishiwa chote, mwenye hisa amebaki na tikiti ya bahati nasibu.

Kuna hali moja ambayo subira haina nafasi, nayo ni ile jozi ya kuondoka ghafla na hesabu kuchelewa. Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani: mtendaji mkuu Markus Braun alijiuzulu tarehe 19 Juni 2020, siku moja baada ya wakaguzi kusema hawaoni uthibitisho wa euro bilioni 1.9. Tarehe 25 kampuni ikaomba ufilisi. Siku sita, na mbili kati ya hizo zilikuwa Jumamosi na Jumapili.

Hatua ya 9: Andika uamuzi wako kabla ya matokeo yanayofuata

Usiuze wala kununua kwa sababu ya tangazo peke yake, isipokuwa ile jozi ya kuondoka ghafla na hesabu kuchelewa. Kwa mengine, andika kwenye karatasi yako kitu gani kitakufanya ubadilishe msimamo, na weka tarehe. Mfano: mrithi wa kudumu wa kiti cha fedha awe ametajwa ndani ya siku 90, malengo ya fedha taslimu yasishushwe zaidi ya mara moja, masharti ya mkopo yasiombewe msamaha tena. Moja likivunjika unapunguza. Mawili, unatoka. Kuandika mapema kunasaidia kwa sababu simu ya matokeo, ambamo viongozi hueleza matokeo kwa wachambuzi na wawekezaji, ikishaanza, sauti tulivu ya bosi mpya itakushawishi uongeze muda.

Kwenye simu hiyo, wachambuzi wataulizia mkakati. Wewe subiri maswali matatu, na kama hayakuulizwa, yatume kwa idara ya mahusiano ya wawekezaji kwa barua pepe: Je, mkuu wa fedha aliyeondoka alishiriki kuandaa hesabu hizi hadi mwisho? Je, malengo yaliyotolewa kabla hajaondoka bado yanasimama, na nani ameyathibitisha? Je, wakopeshaji walijulishwa kabla ya soko au baada? Majibu ya maswali haya huwa mafupi sana au marefu sana. Yaliyo mafupi ndiyo mazuri.